Dalali Aliyekataa Kuketi

Hakuwahi kuketi ndani ya nyumba inayouzwa. Ungemvutia kiti, ungempangusia vumbi kwa kiganja, ungemwambia karibu mama, jua hili litakuua, naye angebaki amesimama katikati ya sebule, mwavuli umeegemea mguu wake, akitazama dari. Hata maji hakunywa. Siku ya kwanza alipokuja kwetu mke wangu alimletea gilasi ya maji ya mtungi. Aliipokea, akashukuru, akaishika muda wote, na alipoondoka akairudisha ikiwa imejaa vilevile.

"Nikiketi nitakuwa mgeni," alisema, "na mgeni hasemi kweli katika nyumba ya watu. Siku mtakapouza, hiyo siku mtanipa kiti na chai."

Mjini Voi madalali hawahesabiki. Wako wanaume wa stendi wenye simu mbili mbili, ambao ukiwauliza choo kiko wapi watakuuliza unatafuta ploti ya futi ngapi. Lakini ukisema "Dalali" tu, bila kuongeza neno, watu walikuelekeza kwake. Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi na sikuwahi kumwita kwa jina, wala sikumsikia mtu akimwita. Asili yake sina habari nayo ya maana. Wengine walisema ni mtu wa Mahoo, kwa sababu ya ndizi alizokuwa akiletewa kwa magunia, wengine walisema baba yake alikuwa mtu wa reli. Nilichojua kwa hakika ni kwamba aliwahi kupiga chapa kwa wakili miaka mingi, ndiyo maana karatasi ya makubaliano aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, huku wenye haraka zao wakikohoa.

Alivaa raba nyeupe zilizokwisha kuwa za kahawia, na mtandio ambao pindo lake lilifanya kazi ya kitambaa cha jasho. Funguo za nyumba za watu alizitia katika mkebe wa majani ya chai, kila ufunguo umefungwa utepe wa rangi yake, na mkebe huo haukutoka mkobani. Alikuwa na daftari la mistari. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake, na nyumba ikiuzika aliipiga tiki kwa kalamu nyekundu, kama mwalimu. Zilizokufa njiani aliziacha bila alama yoyote. Niliwahi kumwuliza kwa nini hazikati, akasema bado hajui kama zimekufa.

Nyumba ya Voi, alisema, hununuliwa saa saba mchana. Hilo halikuwa neno la mchezo. Namkumbuka bwana mmoja wa benki aliyetaka kuonyeshwa nyumba ya jirani yetu saa kumi na mbili jioni, wakati upepo umeanza kushuka kutoka milimani na kila ua unapendeza. Dalali akakataa kufungua. Akamwambia arudi kesho saa saba. Kesho yake akamwingiza katika chumba cha kulala, chini ya mabati yasiyo na dari, akamweka pale robo saa nzima akimweleza habari za mipaka, mpaka karatasi aliyoshika yule bwana ikalegea kwa jasho. Kisha akampeleka jikoni, akafungua mfereji, mfereji ukakohoa ukanyamaza. "Maji ni Jumanne na Ijumaa," akasema. "Yakija." Jirani yetu alikuwa amesimama uani akisikia haya yote, na uso wake sitausahau. Yule bwana akaomba apunguziwe, akapunguziwa, akanunua, na hadi leo anaishi pale na dari ameweka.

"Umeniharibia bei mama," jirani alilalamika.

"Bei nimekutengenezea. Angenunua jioni, angekurudia asubuhi na matusi."

Sisemi kwamba alikuwa malaika. Huyohuyo aliyeona haya kusifia chumba kwa neno moja la ziada angesimama mbele ya fungu la nyanya sokoni kwa nusu saa, akishusha bei shilingi tano baada ya shilingi tano, akiondoka, akirudi, akiapa kwamba Mwatate nyanya kama hizo wanalishwa ng'ombe, mpaka mama wa watu ampe kwa kuchoka. Umri wake alidanganya bila aibu. Kwa muda wote niliomjua alikuwa na miaka hamsini na sita. Na yeye aliyewauzia watu nyumba kutoka mtaa hadi mtaa alikuwa mpangaji wa chumba kimoja nyuma ya soko, na mwenye chumba alimpandishia kodi kila alipotaka. Nilimtania kuhusu hilo siku moja. Alijibu kwamba anaona vyumba vingi mno, hana hamu navyo.

Sasa nifike kwenye asilimia, maana ndiyo iliyotukutanisha, na ndiyo iliyotuachanisha.

Mimi nilikuwa karani wa maji. Nimeandika bili za watu ambao mifereji yao ilikohoa tu, kwa hiyo sina haki ya kujisifu mbele ya mtu. Nilipokaribia kustaafu niliamua tuuze nyumba ya Voi tukajenge kwenye shamba la marehemu baba yangu, Mwatate, ambako walau usiku kuna hewa. Nikamwita Dalali. Nikamwambia yale ambayo kila mtu kwetu humwambia dalali, maneno ambayo tunayasema kwa raha kana kwamba ni ujanja: "Mimi nataka milioni mbili mkononi. Yako weka juu."

Aliniangalia kwa huruma kidogo.

"Baba Mghoi," akasema, maana mkubwa wetu ni Mghoi, "nikiweka yangu juu, kuanzia hapo nitakuwa nauza nyumba yangu, si yako. Mnunuzi akija na milioni mbili na laki nne, wewe utaonyeshwa mbili. Utaniuliza, nitakuficha. Yeye ataniuliza, nitamficha. Nitakuwa nimesimama katikati kama ukuta, nanyi wawili hamuonani. Kazi ya namna hiyo hunichosha."

Akanisimulia habari za mwalimu mmoja wa Mwatate aliyewaambia vijana wa stendi maneno hayohayo. Mwalimu alitaka milioni moja na laki nane. Kijana wa kwanza akaweka yake juu, akampa mwenzake, naye akaweka yake, akampa wa tatu. Mnunuzi alipofika kwa wakili na bei ya mwisho, mwalimu aliiona karatasi kwa bahati mbaya, akasoma milioni mbili na laki sita. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi ya wakili mpaka ofisi ikafungwa. Hakuna aliyemwibia. Alikuwa ametoa ruhusa kwa mdomo wake.

"Mimi ni asilimia tatu," Dalali akasema. "Ya bei itakayoandikwa, si ya bei unayoiota. Unalipa wewe unayeuza, pesa zikishaingia zote. Mnunuzi halipi kitu. Pesa ya kuja kuangalia sitozi, pesa ya soda sitaki. Nisipouza, hunidai, sikudai."

Nilipiga hesabu palepale. Yeye alishauri tutaje milioni mbili na laki nne, na asilimia tatu yake ni elfu sabini na mbili. Moyoni nikasema: elfu sabini na mbili, kwa kufungua mlango na kufunga! Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, siyafichi.

Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata. Kwenye pembe ya ua, karibu na uzio wa michongoma, kulikuwa na mkomamanga. Ulikuwa msimu wake. Makomamanga yalikuwa yamepasuka mtini, mengine yameanguka, chungu wameyajaa, na hakuna aliyeokota. Dalali akasimama.

"Mbona hamli makomamanga yenu?"

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akaingia ndani. Dalali akatazama mawe yaliyopangwa kuuzunguka mti, akatazama mlango, hakuuliza tena. Tulipofika getini akaniambia kwa sauti ya chini, wala halikuwa swali, "Pale pana mtu."

Nikamweleza. Alikuwa mtoto wetu wa tatu. Alizaliwa hakulia. Tukamchukua hospitalini ndani ya kisanduku kidogo, na mvua za mwezi wa nne zilikuwa zimeporomosha kilima na barabara ya kupanda kwetu Mwatate, ambako tungemzika, ilikuwa imekatika. Tungengoja vipi? Wanawake watatu wa mtaa walikuja alfajiri na jembe. Mimi niliambiwa nisimame getini, maana mambo kama hayo kwetu ni ya akina mama, na nilisimama nikiangalia barabara kama mlinzi. Mti mke wangu aliupanda mwenyewe baadaye. Sikuwahi kumwuliza kwa nini mkomamanga.

Dalali alisikiliza mpaka mwisho. "Pole," akasema. "Hilo litasemwa kwa mnunuzi."

"Mama, ukisema nyumba haiuziki. Nani atanunua kaburi?"

"Yuko atakayenunua. Asiyetaka aondoke kabla hajatia sahihi. Lakini fikiri, yule atakayekuja asiyejua, akaamua kuchimba shimo la choo pale pembeni, wewe utalala vipi? Na mama yake atakuja vipi kuutazama mti, kama mwenye nyumba hajui anatazama nini?"

Nikafungua geti, nikalifunga tena.

"Vyumba hata mtoto wa darasa la pili aweza kuvionyesha," akaendelea. "Asilimia tatu si ya kufungua mlango. Ni ya kusema yale ambayo mwenye nyumba hawezi kuyasema. Wewe huwezi. Mkeo hawezi. Mimi naweza, maana hapa si pangu. Tukifika kwa wakili nitalisema mbele yenu wote, na nitaomba liandikwe kwamba mama aruhusiwe kuja."

Jioni nikamweleza mke wangu. Alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua macho.

"Ikisemwa, tuuze," akasema. "Isiposemwa, wewe enda Mwatate. Mimi nabaki na mti wangu."

Hayo yalikuwa masharti yake yote. Hakuomba kitu kingine katika kuhama kule, si sebule kubwa, si jiko la nje.

Mnunuzi alipatikana haraka kuliko nilivyotarajia. Alikuwa mtu wa Chala, mfanyabiashara wa vitunguu, na mkewe alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Voi. Walikuja saa saba, bila shaka. Walitoka jasho, wakausikia mfereji ukikohoa, na bado wakatabasamu. Kabla hawajaondoka Dalali akafanya jambo ambalo sijaona dalali mwingine akilifanya. Wengine huficha namba za simu kama dawa. Yeye alituambia mimi na mnunuzi tupeane namba mbele yake.

"Haya," akasema. "Mkitaka kuniruka, njia nimewafungulia mwenyewe."

Nilimwuliza baadaye kwa nini anajifanyia hivyo. Alisema mtu wa kumruka atamruka tu, hata akimchunga usiku na mchana, na yeye hana nguvu za kuchunga.

Baada ya wiki moja mnunuzi akanipigia.

"Mzee, uko poa? Sasa mimi nyumba nimeipenda. Lakini huyu mama yuko na asilimia zake. Si tumalizane sisi wawili? Unipunguzie kidogo, na wewe ubaki na kidogo. Kuna wakili namjua, yuko sawa."

Nilisema nitafikiri. Sikufikiri. Elfu sabini na mbili ilikuwa mabati ya nyumba ya Mwatate, yote, na misumari. Na tukienda kwa wakili mwingine, bila Dalali, hakuna atakayesema habari za pembeni, na mnunuzi hatakimbia. Nimejiambia miaka hii yote kwamba ilikuwa hofu. Ilikuwa hofu, ndiyo, lakini ilikuwa pesa pia, na nimechoka kujidanganya ni ipi iliyotangulia.

Nikampunguzia elfu thelathini. Tukaandikiana milioni mbili, laki tatu na elfu sabini. Mke wangu hakuja kwa wakili, magoti yake yalimsumbua siku hiyo. Niliporudi nilimkuta akikunja mapazia.

"Dalali amesema?"

"Amesema."

"Walikubali?"

"Walikubali."

Akaendelea kukunja. Kisha akaniuliza mbona sijarudi na Dalali tumpe chai na kiti kama alivyosema. Nikamwambia alikuwa na haraka. Asubuhi tuliyohama alikwenda pembeni peke yake, akakaa kitambo, akarudi na udongo magotini. Nilikuwa nikifunga kitanda kwenye pikapu na nikafunga zile kamba mara mbili, kwa sababu sikutaka kugeuka.

Nilikutana na Dalali sokoni mara moja tu baada ya hapo, hata mwezi haujaisha. Mji ni mdogo, alikuwa ameshajua. Nilijiandaa kwa matusi, kwa kweli niliyatamani. Alinisalimu kama siku zote, akaniuliza magoti ya mke wangu yanaendeleaje, kisha akageukia nyanya zake akaendelea kushusha bei. Niliondoka nikiwa nimenunua kabichi nisizozihitaji.

Mwatate hewa ni nzuri. Mabati yalitosha. Mke wangu aliniambia mara ya kwanza, mwezi wa tatu hivi baada ya kuhama, "Twende Voi tukautazame." Nikasema wenye nyumba wamesafiri. Mara ya pili nikasema ni watu wasiopenda wageni. Mara ya tatu nikasema tutakwenda msimu wa makomamanga, na msimu ukapita, nikawa mgonjwa kwa hiari yangu. Ningempeleka vipi? Mwenye nyumba angemwuliza, mama unatafuta nini kwangu, naye angejua palepale kwamba halikusemwa. Mara ya nne haikuwepo. Aliacha tu kuomba. Pale njia panda wanapouza matunda, wakiwa na makomamanga, yeye huangalia upande wa pili. Tumeishi hivyo miaka minne, tukizungumza vizuri, tukila pamoja, na hilo likiwa limekaa katikati.

Mwaka huu, kwenye matanga ya jirani, nikasikia kwamba Dalali amekatwa mguu. Sukari. Hafanyi kazi tena. Siku chache baadaye nikaenda Sacco, nikatoa elfu sabini na mbili, nikaitia katika bahasha ya kaki. Mke wangu nikamwambia nafuata karatasi za pensheni. Uongo mwingine, nikautia pamoja na ule wa kwanza.

Nilimkuta mlangoni pa chumba chake nyuma ya soko, ameketi kwenye kiti cha plastiki, kanga imefunika pale mguu ulipoishia chini ya goti. Ndiyo mara ya kwanza kumwona ameketi. Mkebe wa majani ya chai ulikuwa dirishani, mfuniko umefunguliwa, ndani mtupu.

"Karibu, Baba Mghoi. Keti."

Nilibaki nimesimama.

"Keti bwana. Hapa hapauzwi."

Nikaketi kwenye ndoo aliyonigeuzia jirani yake. Tukaulizana afya. Alisema mguu uliobaki unamwuma kwa niaba ya mwenzake. Alisema ana miaka hamsini na sita. Nikacheka kidogo, kisha nikamnyoshea bahasha.

"Ni ile asilimia, mama."

"Ya nini?"

"Ya nyumba."

Hakuifungua. "Mliandikiana ngapi?"

Nikamtajia. Akafumba macho, midomo ikacheza, kisha akafungua bahasha akahesabu noti mara mbili. Akachota noti kadhaa akanirudishia.

"Mia tisa si yangu. Asilimia tatu ni elfu sabini na moja na mia moja. Ulipunguza bei, na yangu ikapungua."

"Mama, chukua zote. Mimi sikuleta hizi kwa hesabu. Nilikuruka. Ni pesa za kosa langu."

"Pesa za kosa sipokei," akasema. "Ningekuwa napokea, ningekuwa na nyumba. Hizi napokea kwa sababu niliifanya kazi."

"Kazi gani? Hukuwepo. Halikusemwa."

Akanitazama, na nadhani ndipo alipoelewa kwa nini mke wangu hajawahi kuja kuutazama mti.

"Walipokaa mwezi wa pili nilipita pale," akasema. "Nikaona wamepiga vigingi pembeni. Nikabisha hodi, nikauliza ni vya nini. Wakasema fundi anakuja Jumatatu, shimo la choo. Nikaingia, nikasimama sebuleni, nikasema. Bwana alikasirika sana. Alishika simu akudai pesa zake. Mkewe akatoka nje. Akakaa pale kwenye mti kitambo. Akarudi akasema shimo litachimbwa upande wa barabara. Basi. Nikawaambia mama yake atakuja. Wakasema aje siku yoyote, geti lipo. Yule mwalimu hupalilia pale mwenyewe. Tukikutana sokoni huniuliza, yule mama mbona haji?"

Sikuwa na mahali pa kuweka mikono yangu. Soko lilikuwa likipiga kelele nyuma yetu, mtu akitangaza viazi.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza hatimaye. Niliuliza kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe.

"Ungenisikia? Ulikuwa umeniruka. Ningekuja Mwatate kubisha mlango wako, ungeona asilimia tatu imevaa raba imekuja kudai. Ungenifungia kabla sijamaliza salamu." Alijifuta uso kwa pindo la mtandio. "Nilisema acha, atakuja mwenyewe. Nilidhani utakuja mwezi ule wa kwanza. Kisha nikadhani mwaka wa kwanza."

Akaomba nimpe mkoba uliokuwa kitandani. Akatoa daftari, akapekua nyuma sana mpaka ukurasa wetu. Ulikuwa hauna alama. Alinitaka nimtafutie kalamu nyekundu chini ya mto, akaipiga tiki polepole, akachana kipande cha karatasi, akaniandikia risiti kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyepiga chapa: nimepokea, kiasi, kwa kuuza nyumba. Kisha akapaza sauti kwa jirani.

"Tuletee chai. Vikombe viwili. Nyumba imeuzika."

Nilikunywa ile chai nikiwa nimekodolea macho kikombe. Nilipoaga alinishika mkono akaniambia nisianze na samahani, nianze na nauli.

Nikatoka mpaka kando ya soko, mahali penye kivuli cha ukuta. Ilikuwa karibu saa saba. Nilikuwa na risiti mkono mmoja na zile mia tisa mkono mwingine, ikabidi nizitie mfukoni zote ndipo niweze kupiga simu.

"Umepata karatasi?" mke wangu akauliza.

"Mama Mghoi, vaa uje Voi. Nakutumia nauli. Nitakungoja stendi."

"Kuna nini? Umeanguka?"

"Hapana. Tunaenda kule nyumbani. Kule pembeni."

Nilisikia kuku wetu nyuma yake, na kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini.

"Wenye nyumba wamekubali?"

"Walikubali."

"Lini?"

Miaka minne nilikuwa na jibu la kila alichouliza. Safari hii nikatoka kivulini.

"Baba Mghoi," akasema, "walikubali lini?"

Nikamwambia lini. Kisha nikamwambia na yale mengine, nimesimama juani, bila mtu wa kuyasema kwa niaba yangu.